Taulo Kavu la Mwalimu

Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa na maneno arobaini hivi, na karibu yote yalikuwa amri. Leta. Toa. Panguza. Upesi. Hapana hii, ile. Alikiokota utotoni Katanga, jikoni kwa wazazi wake, kutoka kwa watu waliokuwa wakimpikia na kumfulia, akaja nacho Brussels hivyo hivyo, kama mtu aliyehama na fimbo akaacha ng'ombe. Siku ya kwanza nilipofika kufanya usafi pale kwenye hodhi, mimi mtu wa Bukavu niliyezoea kuitwa maman hata na walionizidi umri, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Wewe. Leta ndoo."

Hakuna habari za asubuhi, hakuna jina. Nilileta ndoo, lakini nilimwambia, "Miye niko na jina. Ni Maman Riziki."

Akafikiri kidogo. "Riziki," akasema, "leta ndoo ingine."

Nilimdharau hapo hapo. Na nitasema ukweli, dharau ile ndiyo iliyonipa nguvu ya kufanya kazi naye miaka kumi na miwili. Hilo jina la Mwalimu nilimpa mimi, kwa kejeli, maana hakuwahi kufundisha shule yoyote, ila hakupita mtu mbele yake bila kusahihishwa. Baadaye wengine wakalichukua, yeye mwenyewe akalizoea, na mwishoni likawa kweli, jambo ambalo liliniudhi.

Kwa asiyejua hodhi ni kitu gani: Wayahudi wana hodhi la maji ya mvua ambamo mtu huzama mwili mzima, uchi kama alivyozaliwa, anapotoka kwenye hali moja kuingia nyingine. Mwanamke aliyemaliza hedhi, bibi harusi, mtu anayeingia katika dini yao, aliyetoka msibani, aliyepona ugonjwa. Wanaliita mikve. Letu lilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya sinagogi dogo la watu wanaojiita wa kisasa. Ngazi saba za kushuka, maji ya kufika kifuani, na mvua ya Brussels ikilijaza mwaka mzima bila kuombwa. Na si kuoga. Ukisema kuoga mbele ya Mwalimu umejitafutia. Mtu huoga kwanza kwenye bafu la pembeni, akakata kucha, akavua pete na hereni, akabandua plasta, akafumua nywele na kuzichana, ili kati ya ngozi na maji pasiwe na kitu, hata uzi. Kisha hushuka. Mwenzake husimama ukingoni ameinua shuka mbele ya macho yake mwenyewe, asiuone mwili. Hulishusha kidogo tu pale yule anapozama, ahakikishe hakuna hata unywele mmoja uliobaki juu ya maji. Kama amezama mwili mzima, husema, "Kasher," yaani imefaa, na mtu huzama tena mpaka zitimie tatu. Kama hakuzama mzima, huambiwa arudie. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kumsindikiza mtu majini na kusema kweli kuhusu nywele zake.

Mwalimu aliifanya kazi hiyo kama afisa wa mpakani. Shingoni alivaa kikata kucha kwenye kamba, pale ambapo wanawake wengine huvaa mkufu. Mtu akitoka bafuni na joho lake, huyu alishamshika mkono na kuugeuza kuelekea kwenye taa. Kidole kwa kidole. Alimrudisha bibi harusi bafuni mara nne kwa ajili ya rangi iliyobaki kwenye kona ya ukucha mmoja, mama mkwe yuko nje anagonga mlango, naye hajali. Bibi harusi alianza kulia. "Anayetaka kulia alie bafuni," Mwalimu akamwambia. "Hapa tunahesabu nywele."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, mikavu kama mkate wa juzi. Alioupenda zaidi ni huu: "Ukucha kwanza, roho baadaye." Watu waliokuja na mishumaa yao ya manukato na mashairi waliyochapa kwenye kompyuta, waliotaka kusimulia safari ya mioyo yao, aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza kama wamesafisha kitovu.

Alihubiri ukimya. Kwenye hodhi hatupigi kelele, hatuulizi mtu amekuja kwa nini, hatusimulii tuliyoyaona. Na mahubiri hayo aliyatoa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, akiyachanganya na habari za tramu iliyochelewa, mbwa wa jirani, na binamu yake fulani aliyeolewa vibaya. Aliwakataza wengine wasile kwenye chumba cha kubadilishia nguo, huku mfuko wa koti lake umejaa makombo ya biskuti. Nani aliyeyafagia? Mimi.

Lakini lililonifanya nimdharau kwa dhati lilikuwa taulo lake.

Kila msindikizaji alikuwa na ndoano yake ukutani na taulo lake, maana nao huzama, kabla ya sikukuu, au wanapojisikia. La Mwalimu lilikuwa jeupe lenye ukingo wa buluu. Mimi ndiye niliyefua mataulo yote, na mfuaji anajua mambo ambayo hata kasisi hajui. Najua nani anapaka mafuta, nani anatoka damu mapema, nani amelia. Taulo la Mwalimu halikuwa na habari yoyote. Lilikuwa kavu, limekunjwa nilivyolikunja, linanukia sabuni yangu mwenyewe. Wiki, mwezi, mwaka. Sikukuu zikaja na kupita, wengine wote wakazama, na yule aliyevigeuza vidole vyao kwenye taa hakulowa hata kisigino.

Siku moja nilimshikia taulo lile mbele ya uso. "Mwalimu, hii serviette haijaona maji. Niifue ya nini?"

Aliliangalia, kisha akaangalia pembeni. "Fua," akasema.

Nikalifua. Nililifua taulo safi kila Alhamisi kwa miaka. Mganga hajigangi, nilijisemea, na nikawa nalikumbuka taulo lile kila nikisikia watu wakimsifu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomsifu hawalijui. Katika mwaka wangu wa kwanza au wa pili pale, alifika mtu mmoja mchana, siku ya mvua. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyezaliwa akaitwa mvulana, na sauti yake bado ilikuwa inatafuta pa kukaa. Alikuwa amepiga simu kabla, akapewa saa. Mwalimu alifungua mlango nusu, akamtazama, akamuuliza amekuja kwa upande gani, wa wanaume au wa wanawake. Yule akasema wa wanawake. Mwalimu akamwambia aende kwanza akaulize kwa wakubwa, ndipo arudi. Akafunga mlango. Nilikuwa kwenye ngazi na fagio langu. Kupitia kioo cha mlango niliona yule mtu amesimama mvuani na mfuko wa plastiki wenye taulo lake jipya, bei bado inaning'inia. Alisimama muda mrefu kidogo, kisha akaondoka.

Wiki iliyofuata Mwalimu akaniuliza, "Riziki. Ule alirudia?"

"Hapana."

Wiki nyingine tena, "Alirudia?" Akaniuliza hivyo karibu mwaka mzima. Hakurudi. Sikumwonea huruma hata chembe. Mlango ulikuwa wake na mkono uliofunga ulikuwa wake.

Toba yake aliifanya kama alivyofanya kila kitu, yaani kwa kuwaamrisha wengine. Alikwenda kwenye kamati ya sinagogi akawaambia kwamba anataka kufundisha wasindikizaji wapya, na kwamba anawataka watu walewale: waliovuka jinsia, na wale wasiojiona wanaume wala wanawake. Wayahudi wa aina hiyo, alisema, wanaogopa mlango kwa sababu aliyesimama mlangoni ni mtu kama yeye. Basi wasimame wenyewe. Kamati ikafurahi mno, wakadhani ni wazo lao. Bwana mmoja wa kamati, mwenye skafu hata kiangazi, alileta karatasi yenye maelekezo ya namna ya kuzungumza na kila mtu, rangi tatu, mishale. Mwalimu aliisoma yote kwa makini, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Mezani hapo ndipo alipofundishia. Aliwaita wote "wewe", kama alivyoniita mimi siku ya kwanza, na ajabu ni kwamba walionekana kupumzika.

Wanafunzi walikuwa watano. Nitawataja wawili tu, wengine walikuja na kuondoka kama wanafunzi wote. Talia alikuwa mwanamke mwenye kucheka, mwalimu wa hesabu, wa pili kupata ufunguo. Maana mwisho wa mafunzo ulikuwa ufunguo: Mwalimu akiridhika anakupa ufunguo wa mlango wa chini, unaweza kupokea watu mwenyewe. Mimi nilikuwa na wangu tangu siku ya kwanza. Uchafu haungoji mtu ahitimu.

Wa pili ni Sacha. Sacha hakuwa mwanamume wala mwanamke, alisema hivyo mara moja bila maelezo marefu, na alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini Jette. Miaka kadhaa kabla, alipojichukulia jina lake jipya, alitaka kulizamia kama desturi yao. Hakupata mtu wa kumsindikiza. Wanaume walisema si wao, wanawake wakasema si wao. Akazama peke yake kwenye Bahari ya Kaskazini mwezi wa nne, baridi ya kuua, na hakuna aliyemwambia kasher. Hadi leo hajui kama nywele zake zote zilizama. Aliutaka ufunguo ule ili asitokee mtu mwingine wa kuzama hivyo bila shahidi. Hilo ndilo alilotaka maishani, alinieleza tukisugua vigae, na mimi nikamwambia ni sababu nzuri sana, ya kuandikwa kwenye kadi ya sikukuu. Alicheka. Alikuwa hodari wa kusugua.

Sasa kosa. Nataka nilieleze vizuri, kwa sababu ni kosa ambalo wale watu tu wangeweza kulifanya.

Baada ya miezi ya nadharia Mwalimu aliamua wafanye jaribio, na kwa jaribio anahitajika mtu wa kuzama. Akaniita. "Riziki. Ingia maji."

"Mwalimu, miye ni mukristo. Nilibatizwaka na maji mara moja, inanitosha."

"Hapana batiza. Kazi. Vaa nguo ya piscine."

Nguo ya kuogelea sikuwa nayo, nilivaa fulana kubwa ya mwanangu na bukta, nikashuka ngazi saba huku nikimlaani. Kabla sijashuka alinivuta sikio karibu. Nilikuwa nimesuka rasta wakati ule, ndefu. Akaninong'oneza niiache moja juu ya maji. Nikaiacha. Kila mwanafunzi alikuja ukingoni kwa zamu, akainua shuka, nikazama, rasta yangu inaelea kama mkia wa panya, na kila mmoja akasema kwa heshima kubwa, "Kasher."

Wanne kati yao hawakuona kitu. Shuka walilishika juu ya macho mwanzo hadi mwisho, hawakulishusha hata kidogo. Maisha yao yote watu walikuwa wamewakodolea macho, mitaani, mabafuni, kwa daktari. Walikuwa wameapa kimoyomoyo kwamba wao hawatamtazama mtu kamwe, na wakaapa kupita kiasi. Mwalimu aliwafokea hadi maji yakatikisika. Msindikizaji asiyetazama, alisema, ni sawa na mlango uliofungwa. Hapo mimi peke yangu ndiye niliyejua ni mlango gani.

Sacha alikuwa wa tano. Sacha alishusha shuka vizuri, kwa wakati wake, kama alivyofundishwa. Nilipotoka majini Mwalimu akamuuliza, "Umeona nywele?"

"Nimeona."

"Ukasema nini?"

"Kasher."

"Kwa nini?"

Sacha alinitazama mimi. "Madame Riziki alikuwa anatetemeka. Ilikuwa mara yake ya tano."

Ni kweli nilikuwa natetemeka. Sikuwa nimemwomba mtu anionee huruma, nilitetemeka tu, maji ni maji. Mwalimu alimgeukia Sacha. Kisha akasema kwa Kifaransa, taratibu, "Hawa wanne ni vipofu, kipofu nitamfundisha. Wewe unaona, halafu unasema uongo. Kesho mtu atakwenda nyumbani anaamini jambo ambalo halikutokea, na ni wewe utakayekuwa umemwibia." Na neno la mwisho likamtoka kwa Kiswahili, moja katika yale arobaini. "Bado."

Toka siku hiyo Sacha hakusikia kingine. Wale wanne walipata funguo zao, mmoja baada ya mwingine. Sacha alikuja kila Jumapili. Alipangwa kupokea watu chini ya macho ya Mwalimu, akafanya vizuri, vizuri sana, kisha akauliza, na Mwalimu akasema, "Bado." Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanafunzi wote walilijua neno hilo, wasiojua Kiswahili kingine chochote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilimwambia Sacha, ondoka umwache huyu mama na makombo yake. Hakuondoka. Nilianza kumdharau naye pia, kidogo. Mtu anayengoja namna ile hunikumbusha foleni ya ofisi ya wageni.

Usidhani nilikuwa nawatetea huko nje. Niliwatetea siku moja tu, na haikuwa kwa upendo, ilikuwa kwa hasira. Pale Laeken tunaposali kuna mama wa kwaya, sauti nzuri, domo refu. Aliniegemea baada ya ibada, anataka kujua kama wanafunzi wetu ni wanaume au wanawake.

"Maman Riziki, ni kweli bale batu banaingiaka kule mu maji yenu? Donc ni baume ao ni babibi?"

"Ni batu," nikamwambia.

"Non, mais, kweli kweli?"

"Kweli kweli banakataka kucha. Leta zako tuone."

Akaficha mikono chini ya kitambaa. Toka siku hiyo aliniamkia kwa mbali, na nikafurahia umbali huo.

Mwalimu akaanza kuanguka. Kwanza ngazini, kisha jikoni kwake, kisha akapelekwa kwenye nyumba ya wazee Evere, chumba cha ghorofa ya tatu kinachotazama kituo cha basi. Alilalamikia mabasi badala ya tramu. Mimi nilikuwa nikienda Jumatano, na usiniulize kwa nini, maana hata yeye aliuliza. "Wewe nafanya nini hapa?" Nikamwambia nimekuja kuona kama kuna anayemfokea.

Jumatano moja mhudumu alichelewa na gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa supu. Nikambadilisha mimi. Alijaribu kunizuia kwa mkono, mkono haukuwa na nguvu. Upande wa kushoto wa kifua hapakuwa na kitu. Palikuwa bapa, na kovu refu lililokwisha kuwa jeupe, si la jana wala juzi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Zamani."

"Mbele ya miye kufika?"

"Mbele."

Nikakaa kwenye kiti na gauni chafu mapajani. Niliwaza zile Alhamisi zote. Nilikuwa na hasira, na sitaipamba hasira yangu kwa jina jingine. Huyu ndiye aliyewaambia watu wenye makovu kila mahali, waliokatwa na waliojikata, waliofunga vifua vyao kwa vitambaa hadi ngozi ikachubuka, kwamba washuke tu, maji ni mapana. Nilimtolea yote. "Ulifundishaka batu basipate haya na mwili yabo. Na weye mwenyewe? Unajificha nyuma ya serviette yangu!"

"Mimi nafundisha shika shuka," akasema, macho kwenye kituo cha basi. "Hapana nasema mimi navua nguo."

Nyani haoni kundule, nikamwambia. Hakuujua msemo huo. Nikamfafanulia kwa ukamilifu, na akacheka hadi akakohoa.

Baada ya wiki tatu madaktari walikuwa wameacha kutaja miezi, wanataja siku. Nilimkuta ameketi, nywele zimechanwa. "Riziki. Ita ule."

"Ule nani?"

"Ule wa bado."

Nilielewa alichotaka, nikamuuliza kwa nini asimwite Talia, mwenye ufunguo na mwenye akili timamu. Akasema Talia atalia. Wote watalia. Nikamwambia na Sacha je, si ndiye mwenye huruma kupita wote, si ndiyo maana ulimnyima?

"Tutaona," akasema.

Basi nikajua ni mtihani, na kwamba safari hii karatasi ya mtihani ni yeye mwenyewe. Sacha akidanganya tena, ufunguo basi, haupo, na huyu mama atakwenda kaburini akiwa amezama uongo. Ningeweza kumwonya Sacha. Tulikaa wote wawili kwenye teksi ya wagonjwa, mvua inapiga kioo, siku moja kabla ya mwaka wao mpya. Sikusema neno. Nilitaka kuona.

Sacha alimpokea mlangoni kama anavyopokea yeyote. Bafuni tulimwosha pamoja. Kisha Sacha akachukua mkono wake, akaugeuza kwenye taa, kidole kwa kidole, na Mwalimu akaachia. Sacha akaomba kile kikata kucha cha shingoni, akakata ukucha wa kidole gumba. Akapandisha mkono wa joho. Kwenye kiwiko palikuwa na kipande cha plasta, pale walipomtoa damu asubuhi.

"Mwalimu, hii," Sacha akasema.

"Nilisahau," akasema Mwalimu kwa Kifaransa. Mwongo! Hakuwahi kusahau plasta maishani mwake.

Hakuweza kushuka peke yake, kwa hiyo niliingia naye, na fulana ileile ya mwanangu. Mtu anayemshika mwingine majini hulowesha kwanza mikono yake, na wakati wa kuzama hulegeza vidole ili maji yapite kila mahali. Hilo nililijua, nimelisikia miaka yote nikipiga deki. Nyuma yetu Sacha aliinua shuka. Mwalimu akasimama kwenye ngazi ya kwanza, joho bado mabegani, akasimama muda mrefu. Nikadhani tutarudi Evere. Kisha akafungua mwenyewe, akaniachia joho mkononi bila kuniangalia, tukashuka.

Akazama. Alikuwa mwepesi, maji yalimkataa, kishungi cha nywele nyeupe kikabaki juu.

"Bado," akasema Sacha.

Kwa Kiswahili. Nilitazama juu kwa hasira, shuka lilikuwa limeshuka hadi puani, na juu yake macho ya Sacha yalikuwa yamejaa machozi na hayakupepesa. Mwalimu alikuwa anahema, midomo imekuwa ya buluu. Akazama tena. Nilimsikia akiingia mzima, kichwa, nywele, kila kitu, nikajua sasa imefaa, na nilikuwa nimeanza kumwinua.

"Bado," akasema Sacha. "Madame Riziki, umemshika."

Niliuangalia mkono wangu. Kweli. Vidole vyangu vitano vilikuwa vimembana chini ya kwapa, upande ule wa kovu, vimebana kama mama anayevusha mtoto barabara. Mimi, niliyemdharau miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nasema uongo majini.

"Sacha, anatetemeka," nikasema. "Mwache basi, anatetemeka!"

"Naona," akasema Sacha. "Mwachie."

Mwalimu alinigeukia. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nyusi. "Riziki," akasema. "Toa mukono."

Nikautoa. Akazama. Alikuwa chini ya maji, mzima, haguswi na mtu, na mimi nimesimama kando na mikono mitupu, nahesabu bila kujua nahesabu nini. Kisha akatokeza.

"Kasher," akasema Sacha.

Mara mbili tena, na mara mbili tena kasher. Tulipofika ngazi ya juu Sacha alimwekea joho na uso wake ameugeuza pembeni. Mwalimu alikaa kwenye benchi, akapumua, akapumua tena, kisha akanyoosha kidole kwenye koti lake lililoning'inia.

"Mfuko," akaniambia. "Mupe funguo."

Nilitia mkono. Katikati ya makombo ya biskuti kulikuwa na ufunguo wenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, na kwenye karatasi jina la Sacha. Karatasi ilikuwa imechakaa, imekuwa ya njano kwenye mikunjo. Nilimpa. Sacha aliuangalia ufunguo, akaangalia karatasi, na hapo ndipo alipoketi sakafuni na kulia kwa sauti.

"Bafuni," Mwalimu akamwambia. "Anayelia, bafuni."

Nilimkausha mimi, kwa taulo lake jeupe lenye ukingo wa buluu, kichwa, mgongo, kifua. Likawa zito mikononi mwangu. Alilitazama, kisha akanitazama.

"Fua," akasema.

Mara ya kwanza tangu nimjue, nilikwenda kufua bila kumjibu.